Dawa za Sonona na Dawa za Kifua Kikuu: Kwa Nini Kila Kituo Kinapaswa Kujua Dawa Zote Anazomeza Mgonjwa

Mkazi wa Mbagala, Tandika au Mwananyamala anaweza kuhudhuria vituo viwili au vitatu vya afya katika mwezi mmoja. Dawa za kifua kikuu huzichukua katika kliniki moja, dawa ya miguu inayowaka moto hupewa katika kituo kingine, na dawa ya kikohozi huinunua katika duka la dawa lililo jirani na nyumbani. Kila dawa imetolewa kwa nia njema na kwa ugonjwa wake. Hata hivyo, zote hukutana katika mwili mmoja, na zipo dawa ambazo hazipaswi kukutana.

Somo hili linaeleza kundi moja la dawa ambalo historia yake inaonyesha jambo hilo waziwazi. Ni dawa zinazozuia kazi ya kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidezi. Zilianza kujulikana kama dawa za kutibu sonona, lakini asili yake ni wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Leo dawa hizo hazitolewi kwa kawaida kwa ajili ya sonona katika vituo vya umma vya Dar es Salaam. Pamoja na hayo, kazi ile ile ya kuzuia kimeng'enya hicho inafanywa na dawa mojawapo ya kifua kikuu sugu inayotumika nchini. Kwa sababu hiyo somo hili linawahusu wananchi wa kata zote.

Sonona ni ugonjwa

Sonona si huzuni ya siku mbili baada ya msiba au baada ya biashara kuharibika. Mtu mwenye sonona hukaa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni nzito, au akikosa kabisa hamu ya mambo aliyoyapenda. Usingizi humpotea au humzidi, chakula hakimpendezi, mwili huchoka bila kazi, akili haitulii, na hujiona hana thamani mbele ya watu. Wengine hufikia hatua ya kuwaza kujidhuru.

Mitaani ugonjwa huu hupewa majina mengi. Wapo wanaosema mgonjwa ana mawazo, wapo wanaosema amerogwa au ana jini, na wapo wanaomwita mvivu. Majina hayo humchelewesha mgonjwa kupata tiba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 duniani wanaishi na sonona. Wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu, kama vile kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi na kisukari, huipata zaidi kuliko watu wengine. Si ajabu, kwa hiyo, kwamba mtu mmoja akawa na kadi ya kliniki ya kifua kikuu na wakati huo huo akahitaji tiba ya sonona.

Tiba ina njia mbili zinazosaidiana. Njia ya kwanza ni mazungumzo ya tiba pamoja na mtaalamu, na ya pili ni dawa. Sonona isiyo kali inaweza kutulia kwa mazungumzo peke yake. Iliyo kali huhitaji dawa, na mara nyingi huhitaji njia zote mbili.

Kazi ya kimeng'enya

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha shughuli za kikemia mwilini. Vipo vinavyosaga chakula tumboni, na vipo vinavyovunja kemikali ambazo mwili umemaliza kuzitumia. Monoamini oksidezi ni miongoni mwa vile vinavyovunja. Kinapatikana katika mishipa ya fahamu, katika ini na katika kuta za utumbo.

Katika ubongo, kimeng'enya hiki huvunja kemikali ambazo seli hupelekeana ujumbe kwazo. Kemikali hizo ni pamoja na serotonini, noradrenalini na dopamini, ambazo zina sehemu katika hali ya moyo, usingizi, hamu na nguvu ya kutenda. Katika ini na utumbo, kimeng'enya hicho hicho hufanya kazi ya ulinzi. Huvunja kemikali za aina hiyo zinazoingia pamoja na chakula, hasa tiramini, kabla hazijafika katika damu kwa wingi. Ni kwa njia ya tiramini kimeng'enya hiki kilipogunduliwa: mwaka 1928, mtafiti Mary Hare wa Cambridge, Uingereza, alikipata katika ini kikivunja kemikali hiyo.

Dawa inayozuia kimeng'enya hiki huziacha serotonini na wenzake zidumu zaidi katika ubongo, na kwa baadhi ya wagonjwa huzuni hupungua. Wataalamu wa leo hawasemi kwamba sonona ni upungufu wa kemikali moja tu, kwa kuwa ugonjwa huu una mizizi mingi. Hata hivyo, kwamba dawa hizi huwasaidia wagonjwa ni jambo lililothibitishwa.

Kutokana na maelezo hayo, tatizo la dawa hizi linaonekana mara moja. Dawa haichagui mahali. Inapozuia kimeng'enya katika ubongo, hukizuia pia katika ini na utumbo, na ulinzi ule hupungua.

Dawa iliyotoka katika wodi ya kifua kikuu

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View iliyopo Staten Island, New York, madaktari Irving Selikoff na Edward Robitzek waliwajaribia wagonjwa wa kifua kikuu dawa mbili mpya zenye undugu, isoniazidi na iproniazidi. Mapafu ya wagonjwa yalipata nafuu. Lakini kwa waliopewa iproniazidi likaonekana jambo ambalo halikutarajiwa: watu waliokuwa wamekata tamaa walichangamka, wakala vizuri, wakaanza kuzungumza na kucheza katika wodi. Mwaka huo huo mtafiti Ernst Albert Zeller na wenzake walionyesha kwamba iproniazidi inazuia monoamini oksidezi.

Mwaka 1957 daktari wa magonjwa ya akili Nathan Kline, wa New York, pamoja na wenzake walitangaza kwamba dawa hiyo inawasaidia wagonjwa wa sonona wasio na kifua kikuu. Hivyo kundi la kwanza la dawa za sonona likaingia katika matumizi. Iproniazidi yenyewe haikudumu. Ilibainika kuumiza ini, na mwaka 1961 iliondolewa sokoni nchini Marekani. Zikafuata nyingine za kundi hilo, zikiwamo fenelzini na tranilsipromini, na baadaye moklobemidi, ambayo kizuizi chake hulegea kwa muda mfupi.

Isoniazidi ilichukua njia nyingine. Ilibaki kuwa dawa ya kifua kikuu, na hadi leo ni mojawapo ya dawa nne zinazounganishwa katika vidonge vya miezi miwili ya mwanzo ya tiba. Kila mkazi wa Temeke au Kinondoni aliyewahi kutibiwa kifua kikuu cha kawaida kwa dozi hizo ameimeza isoniazidi, ndugu wa karibu wa dawa ya kwanza ya sonona.

Funzo la jibini

Katika miaka ya mwanzo ya 1960 madaktari wa Uingereza walishangazwa na wagonjwa wa sonona waliokuwa wakitumia dawa hizi. Baadhi yao walipata ghafla maumivu makali ya kichwa, shinikizo la damu likapanda sana, na wengine mishipa ya damu ikapasuka katika ubongo. Chanzo hakikujulikana.

Fununu ilitoka kwa mfamasia mmoja wa Nottingham. Mkewe alikuwa akitumia dawa ya kundi hili, naye aliona kwamba kila mkewe alipokula jibini alishikwa na kichwa kikali. Akaandika barua kueleza alichokiona. Daktari kijana Barry Blackwell, wa hospitali ya Maudsley jijini London, kwanza hakuamini. Baadaye alifuatilia, na mwaka 1963 akachapisha matokeo yake. Jibini lililokaa muda mrefu lina tiramini nyingi. Kwa mtu wa kawaida, kimeng'enya cha utumbo na ini huivunja. Kwa mtu ambaye kimeng'enya chake kimezuiwa, tiramini huingia katika damu na kupandisha shinikizo la damu ndani ya muda mfupi.

Ukweli huo ulifichuliwa na mtu aliyetazama kwa pamoja kilichomezwa na kilicholiwa. Daktari aliyeandika dawa hakujua habari ya jibini, na mgonjwa hakuwa na sababu ya kulitaja.

Tukio jingine linahusu dawa kwa dawa. Mwaka 1984, Libby Zion, msichana wa miaka 18, alifariki dunia jijini New York saa chache baada ya kulazwa hospitalini. Alikuwa akitumia fenelzini kwa ajili ya sonona, na usiku ule alipewa pethidini, dawa kali ya maumivu. Mchanganyiko huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa sababu kuu zilizodhaniwa kumwondoa duniani. Kifo hicho kilisababisha jimbo la New York kuweka ukomo wa saa za kazi za madaktari walio mafunzoni.

Dawa za sonona zinazotolewa nchini leo

Kwa sababu ya masharti ya chakula na hatari ya kuchanganya dawa, fenelzini na wenzake zimekuwa dawa za akiba duniani. Daktari bingwa huzifikiria pale dawa nyingine zinaposhindwa. Dawa za sonona ambazo mkazi wa Dar es Salaam hukutana nazo zaidi ni amitriptilini na fluoksetini. Hizi hazizuii kimeng'enya. Hufanya serotonini, na kwa amitriptilini noradrenalini pia, zichelewe kurudi ndani ya seli zilizozitoa.

Amitriptilini ina jambo la kuzingatiwa. Haitolewi kwa sonona peke yake. Kwa dozi ndogo hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, yaani miguu kuwaka moto, kuchomachoma au kufa ganzi, na kwa baadhi ya maumivu ya kichwa yanayojirudia. Kwa hiyo mtu anaweza kuitumia kwa miezi kadhaa akiijua kuwa ni dawa ya miguu au ya usingizi. Akiulizwa kama anatumia dawa ya sonona, atajibu hapana, na kwa maoni yake atakuwa amesema kweli.

Linezolidi: kizuizi kinachoingia kwa mlango mwingine

Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na Dar es Salaam ni mkoa wenye wagonjwa wengi. Ugonjwa huu una mpango wake wa kitaifa tangu mwaka 1977, na dawa zake hutolewa bila malipo. Wagonjwa wengi hupona kwa dozi ya kawaida ya miezi sita. Wachache wana vimelea visivyosikia dawa za kawaida, na hao ndio wenye kifua kikuu sugu.

Tiba ya kifua kikuu sugu ilianza nchini mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, mkoani Kilimanjaro. Wakati ule mgonjwa wa Temeke alilazimika kusafiri mbali na nyumbani, na tiba ilichukua karibu miaka miwili pamoja na sindano za kila siku kwa miezi mingi. Baadaye huduma zilisogezwa mikoani, Dar es Salaam ikiwamo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge ya miezi sita kwa wagonjwa wanaostahili. Ni nafuu kubwa kwa mgonjwa na kwa familia yake.

Miongoni mwa dawa nne za tiba hiyo fupi ni linezolidi. Hii ni dawa ya kuua bakteria, na uwezo wake dhidi ya kifua kikuu sugu ni mkubwa. Lakini pamoja na kazi hiyo, linezolidi huzuia monoamini oksidezi. Kizuizi chake si kikali kama cha fenelzini, nacho hulegea dawa inapoachwa. Hata hivyo, kinatosha kuleta madhara ikiwa mgonjwa anameza wakati huo huo dawa inayoongeza serotonini.

Linezolidi ina pia dhara jingine linalojulikana: ikitumiwa kwa wiki nyingi inaweza kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Mgonjwa huhisi ganzi, kuchomwa na moto katika nyayo. Hapo ndipo njia mbili zinapokutana. Mgonjwa aliye katikati ya tiba anaanza kuwaka moto miguuni. Badala ya kurudi katika kliniki yake, anakwenda kwenye zahanati iliyo karibu, pengine kwa sababu ya nauli, pengine kwa kuona haya kutaja kifua kikuu. Anaeleza miguu tu. Mhudumu, asiyejua habari ya linezolidi, anaandika amitriptilini, dawa ambayo kwa mgonjwa mwingine ingekuwa sahihi kabisa. Mgonjwa huyo sasa anameza dawa mbili zinazopandisha serotonini kwa njia mbili tofauti.

Hata pasipo amitriptilini, ganzi hiyo ni habari ambayo kliniki ya kifua kikuu inahitaji kuipata mapema. Wataalamu wanaweza kupunguza dozi ya linezolidi au kuisimamisha kwa muda, kazi ambayo mgonjwa hapaswi kujifanyia mwenyewe. Ikichelewa, ganzi inaweza kudumu.

Mchanganyiko huo hauleti madhara kwa kila mtu, na zipo nyakati ambapo madaktari huutumia kwa makusudi wakiwa na uangalizi wa karibu, kwa kuwa kifua kikuu sugu lazima kitibiwe na sonona nayo lazima itibiwe. Tofauti kati ya uamuzi wa kitabibu na ajali ni taarifa.

Isoniazidi na samaki

Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida, na vilevile mtu anayetumia isoniazidi kama kinga, anahitaji kujua jambo dogo kuhusu kitoweo. Isoniazidi inaweza kuzuia kidogo monoamini oksidezi, na pia kimeng'enya kingine kinachovunja histamini. Histamini hujaa katika nyama ya samaki kama jodari na vibua wanapokaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, na kupika hakuiondoi.

Mtu anayetumia isoniazidi akila samaki wa namna hiyo anaweza kuhisi uso ukiwaka moto, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, jasho na mwasho. Si lazima aache samaki, kwa kuwa mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji protini. Achague samaki waliohifadhiwa katika barafu tangu sokoni, wapikwe siku hiyo hiyo, na aache jodari au vibua waliokaa juani. Akipata dalili hizo, aende kituoni kuangaliwa, na katika ziara inayofuata aieleze kliniki yake. Asiache dawa za kifua kikuu kwa sababu hiyo, kwa kuwa dawa zinazoachwa na kurudiwa ndizo zinazozaa ugonjwa sugu.

Kwa mtumiaji wa linezolidi, tahadhari ya chakula inahusu wingi wa tiramini. Asile kwa wingi jibini lililokomaa, nyama au samaki wa kukaushwa na kutiwa chumvi waliohifadhiwa muda mrefu, wala mchuzi wa soya, na aachane na pombe za kuchachushwa, za kienyeji na za pipa. Ugali, wali, maharage, mchicha, mayai, maziwa na nyama mbichi iliyopikwa siku hiyo havina tatizo.

Dawa nyingine zinazostahili kutajwa

Mbali na dawa za sonona, zipo nyingine ambazo mtumiaji wa dawa yoyote inayozuia monoamini oksidezi anapaswa kumtajia mtaalamu. Tramadoli na pethidini, ambazo ni dawa za maumivu, zote huongeza hatari. Dekstromethofani iliyomo katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi ni miongoni mwazo pia. Dawa za mafua zenye kemikali ya kuzibua pua, kama pseudoefedrini, zinaweza kupandisha shinikizo la damu.

Methadoni nayo imo katika orodha hii. Huduma ya methadoni kwa waraibu wa heroini ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke. Wanaohudhuria huduma hiyo wako katika hatari zaidi ya kupata kifua kikuu. Mtu anayepewa methadoni akigundulika na kifua kikuu sugu, kliniki zote mbili zinapaswa kujua. Kuificha moja kwa sababu ya aibu kunaweza kumgharimu afya yake.

Dalili za hatari

Serotonini ikizidi, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho jingi, huharisha, hupatwa na homa, moyo huenda mbio, misuli hukakamaa au kurukaruka, na akili huchanganyikiwa. Dalili huanza mara nyingi ndani ya saa chache hadi siku moja baada ya dawa mpya kuanzishwa au dozi kuongezwa. Hapa Dar es Salaam hali hii ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria. Kupima malaria ni sahihi, lakini kipimo kisipoonyesha vimelea, mhudumu aelezwe dawa zote zilizomezwa.

Shinikizo la damu likipanda kwa sababu ya tiramini, dalili yake kuu ni kichwa kikali cha ghafla, mara nyingi kisogoni, pamoja na shingo kukaza, kutapika na moyo kudunda. Hali zote mbili zinahitaji hospitali mara moja. Anayempeleka mgonjwa abebe pakiti za dawa zote.

Mwananchi anashauriwa kufanya yafuatayo

1. Kuweka dawa zote katika mfuko mmoja na kwenda nao kila anapokwenda zahanati, kituo cha afya, hospitali au duka la dawa. Mfuko huo uwe pia na dawa za miti shamba na dawa za kununua bila cheti.

2. Kutaja dawa zilizoachwa karibuni. Fluoksetini hubaki mwilini kwa muda mrefu, na madaktari huhesabu hadi wiki tano baada ya kuiacha kabla ya kuanzisha dawa kama fenelzini.

3. Kuwaeleza wahudumu wa kliniki ya kifua kikuu kuhusu ganzi, huzuni, kukosa usingizi au mawazo ya kujidhuru, bila kusubiri kuulizwa.

4. Kutoacha dawa ya sonona ghafla, wala dawa ya kifua kikuu. Badiliko lolote lifanywe na mtaalamu aliyeona dawa zote.

5. Kutoazima dawa ya jirani. Kidonge cha miguu kilichomfaa mama mmoja wa mtaa kinaweza kumdhuru mwenzake.

6. Kumsindikiza ndugu mwenye mawazo ya kujidhuru hadi kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kutomwacha peke yake.

Wenye maduka ya dawa nao wanakumbushwa swali moja fupi kabla ya kutoa dawa ya kikohozi, mafua au maumivu: "Unatumia dawa gani nyingine?" Swali hilo lina uzito zaidi kwa mteja anayekohoa, kwani anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kuelekezwa kupima makohozi.

Maswali na majibu

Je, dawa za sonona hulevya au hufanya mtu awe tegemezi? Amitriptilini inaweza kuleta usingizi, lakini dawa hizi hazimfanyi mtu kuzitamani kama mraibu. Nafuu huanza baada ya wiki mbili hadi nne, na tiba huendelea kwa miezi kadhaa baada ya mgonjwa kujisikia vizuri.

Je, mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kutibiwa sonona? Ndiyo, na anapaswa kutibiwa. Mgonjwa aliyekata tamaa ni rahisi kuacha dozi. Daktari atachagua mazungumzo ya tiba, au dawa inayofaa, au uangalizi wa karibu, kulingana na dawa za kifua kikuu anazotumia.

Je, mgonjwa aanzie wapi? Aanzie katika zahanati au kituo cha afya cha kata yake. Panapohitajika, atapewa rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke au ya Mwananyamala, na kutoka huko Muhimbili. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ofisi za serikali za mitaa wanaweza kumwelekeza asiyejua kituo kilicho karibu.

Ikumbukwe kwamba siri ya mgonjwa inalindwa na maadili ya kazi ya afya. Hakuna sababu ya kumficha mhudumu kadi ya kifua kikuu, ya methadoni au ya kliniki ya afya ya akili. Anapoiona kadi hiyo, mhudumu anapata nafasi ya kuzuia madhara kabla hayajatokea.